Tezi, ngama na sitaha: Riwaya ya jahazi ambayo hatujaiandika

Kuna swali ambalo nimetembea nalo kwa miaka miwili sasa, na leo naomba kulitua mbele ya wasomaji wa safu hii. Halikuulizwa na profesa mwenzangu katika kongamano. Liliulizwa na ami yangu, mzee wa Gazi katika Kaunti ya Kwale, aliyekuwa baharia wa majahazi tangu utotoni hadi magoti yalipomkataa. Siku hiyo alikuwa ameketi barazani kwake, nami nimekaa kwenye jamvi nikimsomea kitabu cha Mfaransa mmoja huku nikikifasiri papo kwa papo. Alisikiliza kurasa kama kumi hivi bila kutia neno. Kisha akainua mkono kunisimamisha.

"Huyu mzungu wako hodari," akasema. "Chombo yuwakijua. Lakini hebu niambie mwanangu, nani alikuwa akiwapikia?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa wazee. Nikafungua tena kitabu kutafuta jibu, nikapekua mbele na nyuma, sikulipata. Wapishi wamo mle, hutokea kama kivuli na kupotea, lakini hakuna mmoja wao ambaye ningeweza kumweleza ami kwamba huyu ndiye, na hivi ndivyo alivyoishi. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba swali lile fupi ni uhakiki kamili wa mwandishi yule. Nimekuja kuamini pia kwamba linaihakiki fasihi yetu wenyewe na, kama nitakavyoeleza, linanihakiki mimi.

Mwandishi tuliyekuwa tukimsoma ni Henry de Monfreid. Wengi wenu hamjamsikia, na si ajabu. Kifaransa kinapofika kwetu kwa njia ya tafsiri aghalabu huja kupitia Afrika Magharibi na ya Kati: tumesoma Boi, tafsiri ya riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, na Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegali. Monfreid ni Mfaransa wa Ufaransa, lakini bahari aliyoiandika ni jirani ya bahari yetu, na vyombo alivyoviendesha ni ndugu wa vyombo vilivyokuwa vikitia nanga Gazi, Funzi, Wasini na Vanga.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1879 huko Leucate, kusini mwa Ufaransa, kando ya Bahari ya Mediterania. Baba yake, George-Daniel, alikuwa mchoraji na rafiki mkubwa wa Paul Gauguin, yule mchoraji aliyeikimbia Ulaya akaenda kuishi katika visiwa vya Pasifiki. Kijana Henry alijaribu kazi hii na ile, hakuna iliyomkalia. Mwaka 1911 akapanda meli hadi Jibuti na kuingia katika biashara ya kahawa na ngozi za Uhabeshi. Haikupita miaka mingi akaiacha ajira, akapata chombo cha tanga, akajifunza Kiarabu kwa mabaharia, akasilimu na kujiita Abdulhai. Kwa karibu miaka ishirini iliyofuata aliishi kwa kupita njia za Bahari ya Shamu: lulu, bunduki, na hashishi, ule utomvu wa bangi aliokuwa akiununua Ugiriki na kuuingiza Misri kwa magendo. Serikali ya kikoloni ya Wafaransa iliwahi kumtia gerezani Jibuti kwa ajili ya silaha. Waingereza nao walikuwa wakimwinda.

Hadi hapo hakuwa mwandishi. Alikuwa ameandika shajara za safari na kupiga picha, basi. Mwaka 1930 mwandishi wa habari Joseph Kessel alifika pande zile kuchunguza biashara ya watumwa kwa niaba ya gazeti la Le Matin la Paris. Wakakutana. Kessel alizisikia hadithi zake na kumhimiza aziandike. (Ni Kessel huyu huyu ambaye baadaye, mwaka 1958, alichapisha Le Lion, riwaya yake ya Kenya iliyowekwa katika mbuga iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro.) Monfreid alikuwa ameshapita miaka 50 kitabu chake cha kwanza, Les Secrets de la mer Rouge, yaani Siri za Bahari ya Shamu, kilipotoka. Mwaka 1933 kikafuata La Croisière du hachich, kuhusu ile safari ya hashishi. Baada ya hapo hakuacha tena. Aliandika makumi ya vitabu, vingine kumbukumbu, vingine riwaya, na vingi visivyokubali kusema ni kipi kati ya hivyo viwili. Hata Hergé, mchoraji wa vibonzo vya Tintin, alimchukua akamfanya nahodha wa magendo katika mojawapo ya hadithi zake.

Nilikinunua kitabu chake cha kwanza jijini Paris miaka mingi iliyopita, kwa wale wachuuzi wa vitabu vikuukuu wanaopanga makasha yao kandokando ya Mto Seine. Nilikinunua kwa sababu moja tu: jalada lilikuwa na picha ya chombo cha tanga, nami nilikuwa na hamu ya nyumbani.

Hebu kwanza tumpe mwandishi haki yake. Mhakiki anayeanza na makosa kabla ya kusema kilichomfanya asome hadi ukurasa wa mwisho hamtendei haki msomaji wake. Monfreid anajua kazi. Waandishi wengi wa Ulaya wa enzi zake walipoandika kuhusu bahari za Mashariki waliandika machweo, harufu ya karafuu na wanawake wenye baibui. Yeye anaandika kamba. Anaandika namna tanga linavyoliwa na jua, namna maji ya kunywa yanavyooza pipani, namna nahodha anavyoijua miamba kwa rangi ya maji kabla ya kuiona. Hofu yake ni hofu ya mtu aliyekuwapo. Anapokosea hesabu ya mkondo anasema amekosea. Nathari yake haina mapambo mengi, nayo huenda haraka, kama chombo kilichopata upepo wa nyuma.

Ami yangu aliyatambua hayo bila kuambiwa. Nilimsomea kile kisa cha chombo kinachoelekea Suez. Katika sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, kwa hiyo chombo kiendacho Suez hakina budi kubisha, yaani kwenda upande huu kisha upande ule, kikiukata upepo kidogo kidogo. Nilipofika hapo ami alisogea mbele. Akawa anaimaliza sentensi kabla sijaifasiri. Nilikuwa natafuta neno, yeye ananipa: foromali, henza, demani, joshi. Mahali pamoja nilifasiri kwa kuzungukazunguka namna tanga linavyohamishwa kutoka ubavu mmoja wa mlingoti hadi wa pili. Akanikata kauli: "Amepindua tanga. Sema amepindua tanga, tuendelee."

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo tafsiri yoyote ya kalamu isingenionyesha. Kitabu kile, kilichoandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya wasomaji wa Paris ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga chombo cha tanga, kilikuwa nyumbani zaidi katika Kiswahili cha Gazi. Msomaji wa Paris angehitaji maelezo. Mzee wa Gazi hakuhitaji hata tanbihi moja.

Ndipo likaja swali la mpishi.

Ami alikuwa na sababu ya kuuliza. Yeye mwenyewe alianza bahari akiwa mpishi, kama walivyoanza wavulana wengi. Alikuwa akiwasha moto ndani ya sanduku lenye mchanga juu ya sitaha, upepo ukipeperusha majivu machoni, chombo kikienda mrama na sufuria ikitaka kumwagika. Aliniambia kwamba mpishi ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka, na kwamba habari zote za chombo hupita kwake, maana watu hawanyamazi wanapongoja chakula. "Ukitaka kujua safari ilivyokuwa," akasema, "muulize mpishi. Nahodha atakueleza alivyotaka iwe."

Sasa turudi kwa Monfreid na kauli hiyo mkononi. Mabaharia wake, Wasomali na Wadankali wa pwani ya Jibuti, wana majina. Yupo Abdi, wapo wengine, na ni wazi kwamba aliwapenda na kwamba wao ndio waliomfundisha bahari. Lakini tazama kazi wanayopewa katika masimulizi. Wanatumbukia majini kukwamua nanga, wanakesha, wanapigwa na jua, wanaapa kutoisema siri. Kila wanachotenda hutuonyesha jinsi bwana wao alivyo jasiri au jinsi wao walivyo waaminifu kwake. Hatujui walikuwa wakitaka nini. Wanaposema, husema sentensi fupi, nyepesi, kana kwamba watu wazima wale hawakuwa na lugha zao zenye kina. Na kila baada ya kurasa kadhaa mwandishi husimama kutuarifu kwamba Wasomali wako hivi, Wadankali wako vile, Waarabu wako namna ile. Huo ni ugonjwa wa zama zake, lakini ulimpata mtu aliyekula nao sinia moja, na ndiyo maana unaumiza zaidi.

Tena haukuishia katika mtindo. Mwaka 1933 alifukuzwa Uhabeshi na utawala wa Haile Selassie. Italia ya Mussolini ilipoivamia nchi hiyo mwaka 1935, Monfreid aliuunga mkono uvamizi ule kwa kalamu yake. Mtu aliyekuwa akijisifu kuishi huru, asiyetii forodha ya mkoloni yeyote, alisimama upande wa ndege na mabomu dhidi ya nchi ya Kiafrika iliyokuwa bado huru. Waitalia waliposhindwa katika eneo hili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walimkamata wakamleta huku kwetu Kenya. Alikaa miaka kadhaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mbali na chumvi ya bahari, hadi alipoondoka na kurejea Ufaransa mwaka 1947. Alifariki tarehe 13 Desemba 1974, akiwa na umri wa miaka 95.

Wapo watakaosema tusichanganye maisha ya mtu na kazi yake. Mimi naona katika kisa hiki vitu hivyo viwili vina shina moja. Mtu aliyezoea kuandika mabaharia wake bila kuwauliza wanataka nini hakupata taabu kubwa kuandika kuhusu taifa zima bila kuliuliza linataka nini.

Lakini, wasomaji wangu, ni rahisi mno kumhukumu marehemu wa Leucate halafu tukaenda zetu kulala. Swali la ami lina ncha ya pili, nayo imetuelekea sisi.

Mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya kitabu cha safari ya hashishi, palichapishwa kitabu kingine chenye chombo cha tanga ndani yake. Hiki kiliandikwa kwa Kiswahili na mtu wa huku huku, James Mbotela wa Freretown, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Mombasa. Ni Uhuru wa Watumwa. Kinasimulia watu waliotekwa bara, wakapelekwa pwani, wakajazwa chomboni, kisha wakaokolewa na manowari ya Waingereza. Wahakiki wamekilaumu kwa kumsifu mno Mwingereza, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, ukikiweka kando ya Monfreid utaona kitu ambacho hakionekani ukikisoma peke yake. Monfreid anatuonyesha chombo kutoka tezini, mahali pa usukani, anaposimama mwenye amri. Mbotela anatuonyesha chombo kutoka ngamani, mahali pa shehena, anapolala asiye na amri hata juu ya mwili wake. Vitabu viwili vya muongo mmoja, bahari mbili zinazopakana, na kati yake sitaha nzima iko tupu.

Sitaha ndiko walikokuwa watu wengi zaidi. Hawakuwa manahodha wala watumwa. Walikuwa vijana wa Gazi, wa Funzi, wa Shimoni, wa Jimbo, waliotweka tanga kwa wimbo, waliotia sifa na deheni kwenye mbao, waliopiga kalafati wakati wa maleleji wakingoja kaskazi ianze. Riwaya yao iko wapi?

Mtu anaweza kunitajia Shaaban Robert, na afanye hivyo, kwa kuwa mfano wake unashangaza. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, si mbali na mpaka wetu wa Vanga. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha katika bandari za Tanganyika. Hebu fikirini. Miaka ile ile ambayo Monfreid alikuwa akiwakwepa maafisa wa forodha wa Bahari ya Shamu, mwandishi wetu mkubwa kabisa wa nathari alikuwa afisi ya forodha, majahazi yakipita mbele ya meza yake na shehena, manahodha na visa vyao. Mkwepa forodha aliandika bahari. Karani wa forodha aliandika Kusadikika, nchi inayoelea angani. Simlaumu hata kidogo. Katika utawala wa kikoloni karani Mwafrika hakuwa na uhuru wa kusema aliyoyaona mezani kwake, na nchi ya angani ilimpa nafasi ya kuyasema mengine yaliyo mazito. Ila gharama yake ni kwamba majahazi yale yalipita bila kuandikwa.

Baadaye Adam Shafi alituletea Kuli, riwaya ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Hapo tulikaribia sana. Lakini kuli husimama gatini. Chombo humjia kikiwa kimeshafika. Washairi kwa upande wao hawakuisahau bahari, tangu Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi leo. Nathari ndiyo iliyobaki ufuoni. Sisemi hakuna riwaya yenye kivuko, dhoruba au mvuvi, zipo. Nasema sijasoma riwaya ya Kiswahili ambayo jahazi ndilo nyumba yake, na mabaharia wa sitahani ndio wasimulizi wake, kutoka kung'oa nanga hadi kutia nanga.

Mtu atauliza: kwani kuna hasara gani? Majahazi yenyewe yamekwisha. Nenda Shimoni leo uone: yaliyobaki huwachukua watalii kwenda Kisite kutazama pomboo, tanga limefungwa, injini inanguruma. Diani utakuta ngalawa mchangani, na anayeikaribia ni mgeni anayetaka kupigwa picha.

Hasara ya kwanza iko katika lugha, na safu hii ni ya lugha. Nilipomaliza kutafsiri sura mbili za Monfreid niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili wazisome. Kiswahili chao ni kizuri. Walikwama ukurasa wa kwanza. Mmoja alidhani "chombo kilibisha" ni kwamba mabaharia waligombana. Mwingine alidhani kilibisha hodi bandarini. Foromali hakuna aliyeijua. Yaani nililazimika kuweka tanbihi za Kiswahili katika maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya Waswahili, ilhali mzee asiyejua Kifaransa alikuwa ameyapokea yote kwa masikio.

Na bado maneno haya hayajafa. Yanazurura bila kwao. Soma gazeti lolote. Ligi "zinang'oa nanga". Waziri "anashika usukani" wa wizara. Mazungumzo ya vyama "yanakwenda mrama". Tunasafiri kila siku katika kurasa za siasa na michezo, wala hatujui tumepanda nini. Neno lililosahau lilikotoka hupungua ladha, likawa kama sarafu iliyofutika sura kwa kushikwashikwa. Anayejua kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu, kiasi cha mtu kushindwa kusimama, ataitumia kauli ile kwa uangalifu. Asiyejua ataitia popote.

Hasara ya pili ni ya ukweli. Maadamu hatujaandika, mwenye kutaka kujua maisha ya mabaharia wa upande huu wa dunia atawasoma kina Monfreid, na atakutana na watu wazuri, wakakamavu, waaminifu, wasio na haja zao. Wahenga wanasema dau la mnyonge haliendi joshi. Mimi naongeza kwamba dau la mnyonge likienda joshi pia hakuna atakayejua, ikiwa anayeandika ni mwenye jahazi.

Nimesema swali la ami linanihakiki mimi vilevile. Lazima niseme vipi, ijapokuwa si jambo la kujivunia.

Katika miaka ya 1990, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu, nilikwenda Gazi na kinasa sauti. Mada yangu ilikuwa istilahi za vyombo vya baharini. Nilimwekea ami michoro ya jahazi, nikawa nauliza: hii inaitwaje, na hii, na hii? Naye, kwa subira, akanijibu. Lakini kila alipotaja kitu alitaka kuniambia kisa chake. Akisema henza, anakumbuka usiku henza ilipokatika karibu na Pemba. Akisema baura, anakumbuka nanga waliyoiacha chini ya maji kwa sababu boti ya doria ilikuwa inakuja na chombo kilikuwa na magunia ya karafuu yasiyo na karatasi. Hapo macho yake hung'aa. Nami, Mola anisamehe, nilikuwa nikizima kinasa sauti. Betri zilikuwa ghali na kanda zilikuwa chache. Nilikuwa nimetumwa maneno, sikutumwa hadithi. Nikimwambia, "Haya ami, turudi kwenye mchoro." Anacheka, anarudi kwenye mchoro.

Nilipata maneno zaidi ya mia tatu, nikapata na shahada. Kanda zile ninazo hadi leo. Ukizisikiliza utasikia sauti ya mzee ikianza, "Basi usiku ule sisi..." kisha kishindo kidogo cha kitufe, kisha sauti yangu ikiuliza habari ya sehemu nyingine ya chombo. Kishindo hicho kimo mara nyingi.

Kwa hiyo ami aliponiuliza nani alikuwa akimpikia yule Mfaransa, nadhani alikuwa pia ananikumbusha, kwa adabu ya mzee asiyetaka kumtahayarisha mtoto wa nduguye, kwamba aliwahi kuwa na mpishi wa kweli mbele yake akaulizwa majina ya kamba. Monfreid alichukua kwa mabaharia wake alichokihitaji, akaacha kilichobaki. Nami vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye alitoa vitabu vinavyosomeka, mimi nikatoa orodha.

Nilikusudia kurudi na kinasa sauti kipya, ambacho hakina kanda ya kuisha. Tulikubaliana iwe baada ya mvua. Ami alifariki kabla ya mvua kukatika, akazikwa Gazi, mahali ambapo maji yakijaa unayasikia.

Sitaki kumaliza kwa kilio. Bado wapo wazee Funzi, Wasini na Vanga, na wapo Lamu na Pemba, waliowahi kukesha juu ya sitaha. Si wengi, na wote wana umri. Ombi langu ni kwa wanafunzi wa vyuo vyetu wanaotafuta mada, na zaidi kwa waandishi chipukizi wa Pwani wanaoniuliza kila mara waandike nini. Msiwaendee na michoro. Kaeni barazani, mwulize mlo ulikuwa nini siku ile, nani alipika, nani hakula na kwa nini. Msikate kauli. Istilahi zitakuja zenyewe ndani ya kisa, zikiwa hai, na mtazielewa bila tanbihi.

Na msione haya kumsoma Monfreid. Someni namna anavyoifuata kamba kwa jicho hadi mwisho wake, someni ujasiri wake wa kukiri kosa la uhodari wake. Hayo ni mafunzo ya ufundi, na ufundi hauna taifa. Kisha fungeni kitabu na mjiulize lile swali la Gazi. Tafsiri yangu ya sura zile mbili nimeirudia upya mwezi uliopita. Nimeziondoa tanbihi zote za istilahi. Mahali pa dibaji nimeweka maneno machache kumhusu kijana wa Gazi aliyekuwa akiwasha moto ndani ya sanduku la mchanga, chombo kikienda mrama. Ni ukurasa mmoja na nusu tu. Nilikuwa na nafasi ya kuandika mia tatu.